Mgeni Akishindwa Hutaja Kwao

Ernesta alikuwa mwanamke asiyependa kushindwa, hata na mtoto. Nawaambia mapema, msije mkaniuliza baadaye. Ukimwuzia ndizi atabishana nawe mpaka mkungu uive palepale, na ukienda naye kulima maharage, heri uage mapema kwamba mgongo unauma kuliko kushindana naye tuta kwa tuta. Huku kwetu Ntobeye, wilayani Ngara, watu walikwisha kumzoea. Lakini Mungu naye ana mambo yake. Mwanamke huyohuyo alinyimwa mtoto, na mume aliyepewa akafa kwa homa kabla hawajazeeka pamoja. Akabaki na nyumba ya bati, shamba la migomba na kahawa, na wifi yake Restuta, dada wa marehemu, aliyekaa jirani na kuwa na ulimi usiojua likizo.

Basi mwaka ule Warundi walipokimbia vita na kuvuka mpaka kwa maelfu, na magodoro kichwani na wazee mgongoni, Ernesta alikwenda kuchimba viazi akakuta mtoto wa kike amejikunyata kati ya matuta. Alikuwa wa umri wa kung'oka meno ya mbele. Gauni limechanika begani, miguu imevimba, mdomoni ana kiazi kibichi. Ernesta hakujiuliza mara mbili. Aliacha jembe shambani, akambeba mtoto mpaka nyumbani.

Akaulizwa jina, kimya. Akaulizwa mama yuko wapi, kimya. Aliulizwa kwa Kihangaza, lugha ambayo Mrundi yeyote anaielewa, akaulizwa na kwa Kiswahili, na Restuta akajaribu hata kwa ishara, akirusha mikono huku na huku utadhani anafukuza kuku. Kimya. Masikio yalikuwa mazima, maana akiitwa kula alikuja mbio. Ila mdomo ulifunguka kwa ajili ya chakula tu.

"Bubu huyu," Restuta akatoa hukumu. "Tena bubu wa kuzaliwa. Wamemwacha makusudi, wifi, watu wana roho mbaya."

"Funga bakuli lako," alisema Ernesta. "Mtoto anasikia."

Akampeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, kama inavyotakiwa. Mwenyekiti siku hizo alikuwa amezidiwa, watu wamejaa uani kwake kuliko mnadani. Alisema: "Kaa naye, mama. Wenyewe wakimtafuta watakuja." Ernesta akakaa naye. Akamwita Zawadi, maana ulitaka amwiteje? Mtu aliyeomba miaka yote, halafu siku moja anakuta ameletewa hadi kwenye matuta yake ya viazi!

Zawadi alinenepa. Alijifunza kupepeta, kufukuza ndege kwenye mtama, kubeba kidumu kidogo cha maji bila kumwaga. Ernesta alimpenda, na hakuona haya kusema. Alisema kisimani, alisema kanisani, alimwambia hata muuza chumvi aliyepita na baiskeli. "Hasemi, lakini ni wangu," alisema.

Sasa, nyuma ya nyumba ya Restuta kulikuwa na shimo kubwa lililobaki walipochimba udongo wa matofali. Humo ndimo watoto wa jirani walimojenga kijiji chao. Msicheke. Kijiji kile kilikuwa na mambo kuliko hiki chetu. Kulikuwa na nyumba za udongo zilizoezekwa nyasi, ng'ombe wa udongo wenye pembe za vijiti, mashamba ambayo maharage yake yaliota kweli, na zahanati isiyo na dawa, sawasawa na ya watu wazima. Watu wake walikuwa magunzi ya mahindi, wamevikwa majani makavu ya mgomba. Asubuhi magunzi yaliamka yakaenda kulima, yakakamua, yakagombana, jioni yakanywa rubisi, ile pombe ya ndizi, ila yao ya maji ya matope. Na tangu Warundi waje, ukingoni mwa shimo palitokea kambi, safu za vijihema vya vipande vya turubai la bluu. Huko ndiko walikotoka wageni.

Mkuu wa kijiji alikuwa Anjelika, binti wa Restuta, msichana wa darasa la nne, na ulimi ule hakuuokota njiani. Ndiye aliyetunga sheria ya wageni. Gunzi likitoka kambini kuja kijijini, haliingii nyumba ya mtu hivi hivi. Lazima kwanza mgeni na mwenye nyumba washindane mchezo mdogo: kubahatisha kokoto iko mkono upi, kurukaruka kwa mguu mmoja kuzunguka shimo, au mdako. Mchezo huchaguliwa na mgeni. Mgeni akishinda, hupewa chakula na mahali pa kulala, na hakuna wa kumwuliza lolote. Akishindwa, hutaja kwao: jina lake, baba yake, mama yake, na kilima alichotoka. Akishataja, mwenye nyumba lazima amsindikize mpaka kwao. Anjelika alisema hivyo ndivyo watu wenye adabu wanavyofanya, na aliyebisha alinyang'anywa ng'ombe.

Zawadi walimpa nyumba nzuri, yenye ua na ndama. Akaikataa kwa kichwa. Siku zote alikwenda kuchukua gunzi kambini, akaja kama mgeni. Na siku zote alionyesha kwa kidole kile kishimo cha mdako. Mnaujua mdako: unarusha jiwe juu, na kabla halijashuka umeshakomba kokoto zote nje ya shimo na kulidaka. Unarusha tena, unazirudisha zote isipokuwa moja. Za moja zikiisha, unaingia za mbili, halafu za tatu. Ukikosea, zamu ya mwenzako. Mtoto yule alikuwa na mikono, jamani! Hakuna aliyewahi kumshinda. Alikula matope ya kila nyumba na kulaza gunzi lake kila kitanda, na hakuna aliyepata haki ya kumwuliza lolote.

Jumapili moja baada ya misa Ernesta alikwenda kumwita Zawadi nyumbani kula. Restuta alikuwa amekaa ukingoni mwa shimo na ungo wa maharage mapajani, anachambua. Chini watoto walikuwa wamenuna.

"Mama Ernesta!" Anjelika alipaza sauti. "Njoo uwe mwenye nyumba! Huyu mgeni wako ametumaliza wote. Kijiji kizima hakina chakula."

"Chakula kiko mezani, tena cha kweli. Zawadi, twende."

"Anaogopa," kitoto kimoja kikasema.

Nani anaogopa? Ernesta alikunja kitenge cha Jumapili, akashuka shimoni, akapiga magoti kwenye udongo.

"Wifi, mwachie mtoto ashinde," Restuta alisema kutoka juu. "Utamliza bure."

"Nimwachie? Mimi mdako nimeucheza kabla wewe hujaota meno. Leo atajua kwamba ana mama."

Zawadi alitabasamu. Alianza yeye. Akaenda za moja hadi mwisho, akaenda za mbili, mikono inapita shimoni bila hata kugusa ukingo, watoto wanatazama. Kwenye za tatu kokoto moja ilimponyoka, ikabingirika mpaka zizini kwa ng'ombe wa udongo. Ernesta akapokea zamu. Hakuharakisha. Alirusha jiwe juu kabisa, mpaka Restuta akainamisha kichwa, akakomba, akadaka. Moja, mbili, tatu. Alipodaka jiwe la mwisho alipiga kelele za furaha kama msichana, akarusha mikono hewani.

"Mgeni ameshindwa!" watoto waliruka. "Ameshindwa! Ataje kwao!"

"Acheni upuuzi," Ernesta alisema huku akicheka na kujifuta magoti. "Hasemi huyu."

"Sheria ni sheria," alisema Anjelika. Akaokota lile gunzi, akamshikisha Zawadi mkononi. "Si lazima useme wewe. Mgeni ndiye atakayesema."

Zawadi alilitazama gunzi. Alitazama kokoto. Ernesta alikuwa amekwisha kunyoosha mkono amwinue waende zao, mtoto alipolileta gunzi mbele ya mdomo wake na kusema.

Alisema! Sauti ilitoka na kukwaruza mwanzoni, halafu ikanyooka.

"Mimi ni mgeni. Naitwa Iteka. Baba yangu ni Ciza. Mama yangu ni Nimpaye. Kwetu ni Giteranyi, chini ya kanisa, penye mparachichi."

Ungo ulimtoka Restuta, maharage yakamwagika shimoni juu ya nyumba na ng'ombe. "Yesu na Maria!" Watoto wengine walikimbia, wengine wakaganda. Anjelika peke yake ndiye aliyekasirika: "Kumbe anajua kusema! Siku zote hizi anatudanganya!"

Ernesta hakusikia hata mmoja wao. Unaishi na mtoto, unamlisha, unamwogesha, unamwimbia, misimu inapita hujasikia hata "mh" kutoka kwake, halafu anafungua mdomo mara moja, na ndani yake mna baba na mama na mparachichi! Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa. Ernesta alijua methali hiyo tangu shuleni, ila hakudhani siku moja mshindo ungempata yeye.

Mtoto alidondosha gunzi. Akajiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka pima. Ernesta akamkumbatia. "Iteka?" alimwita taratibu. Hakujibu. Machozi yalimtoka tu, bila sauti.

Nyumbani ugali ulipoa. Restuta alimkuta Ernesta amekaa mbele ya sahani, anatazama ukuta.

"Wifi, nini tena? Si ushukuru? Mtoto si bubu!"

"Restuta, jina la mama yake umelisikia?"

"Nimpaye. Sasa?"

"Alikuja hapa."

Restuta akakaa chini. Ernesta akamweleza, na hadithi yenyewe haikuwa ndefu. Wakati wa mvua za masika zilizopita mwanamke alipita mlangoni, peku, amejifunika kipande cha turubai. Alisema anatoka kambini Lukole, anazunguka vijiji anamtafuta binti yake aitwaye Iteka. Mume aliuawa njiani, na katika zile mbio mtoto alimponyoka. Ernesta alimpa uji, akamwuliza ni mtoto wa namna gani. Mwanamke akajibu, huku anajaribu kutabasamu, kwamba huyo huwezi kumkosea: anaongea kama kasuku, anaongea tangu anapoamka mpaka usingizi umkate katikati ya neno. Utamsikia kabla hujamwona.

"Nikamwambia kweli," Ernesta alisema. "Nikasema hapa ninaye mtoto, lakini ni bubu. Akafikiri. Akasema, basi si wangu. Akanishukuru kwa uji. Akasema, ukisikia habari, mimi naitwa Nimpaye."

"Sasa kosa lako liko wapi? Umesema kweli."

"Zawadi alikuwa kisimani, Restuta. Pale chini. Ningepaza sauti mara moja tu angekuja." Ernesta alisukuma sahani. "Sikuita. Yule mama alipogeuka kuondoka, nilifurahi. Jioni nikachinja kuku. Uliniuliza leo kuna sikukuu gani, unakumbuka?"

Restuta alikumbuka, maana paja alikula yeye. Akasogeza kigoda karibu, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane akanong'ona.

"Sikiliza. Waliosikia ni watoto. Kesho watakuwa na jingine. Wewe kaa kimya tu. Kuzaa si kazi, wifi, kazi ni kulea. Nani amemlea? Nani amemtoa funza miguuni? Yule mama amekwisha kulia, amekwisha kuzoea. Mwite Zawadi, mpeleke shule, maisha yaendelee. Mimi sitasema."

"Wewe usiseme? Wewe!"

"Haki ya Mungu."

Nisiwafiche, maneno yale yalimwingia Ernesta yakamkaa vizuri. Alijilaza na kujigeuza nayo. Kulikuwa na kila sababu: kambini chakula hakitoshi, shule ni chini ya turubai, kipindupindu hakibishi hodi. Angekosa nini mtoto hapa? Alimtazama akilala, mikono bado iko mdomoni, akamwambia Mungu kwamba safari hii amemchezea vibaya.

Kulipopambazuka Anjelika alikuwa mlangoni, amevaa sare ya shule, mikono kiunoni, na lile gunzi kwapani.

"Shikamoo, Mama Ernesta."

"Marahaba. Huendi shule?"

"Nakwenda. Ila jana hujamaliza. Ulimshinda mgeni, akataja kwao, nawe hukumsindikiza." Akaliweka gunzi juu ya kizingiti. "Wenzangu wanasema kwa kuwa wewe ni mtu mzima utasamehewa. Mimi nimewaambia mtu akishinda halafu akaacha kusindikiza, huko si kushinda. Ni kuiba."

Akaenda zake, vumbi linamfuata. Ernesta alibaki amesimama na ufagio mkononi. Kofi lingemwuma kidogo kuliko maneno yale. Mtu aliyebishana na kila muuza ndizi wa Ngara, aliyeshinda kila shindano la kulima, hakuwahi hata siku moja kusukuma kokoto kwa kidole wakati mwenzake anatazama pembeni. Sasa aanze leo, tena kwa mtoto wa mwenzake? Akatupa ufagio. Aliingia ndani, akamvisha Zawadi gauni la Jumapili, akafunga viazi vya kuchemsha na maharage kwenye kitambaa, akamshika mkono.

"Wifi, mnakwenda wapi?" Restuta alipiga kelele kutoka uani kwake.

"Kumsindikiza mgeni!"

Walitembea asubuhi nzima, wakipishana na malori ya mahindi ya msaada na wanawake wenye mizigo ya kuni mirefu kuliko wao. Mtoto hakuuliza wanakwenda wapi. Ernesta naye hakumwambia, kwa sababu kila alipojaribu aliishia kumnyoosha gauni. Walipofika juu ya kilima, kambi ikaonekana yote: mabonde na mabonde ya maturubai ya bluu na meupe, na moshi juu yake. Mtoto akamkaza mkono.

Kwenye mabomba ya maji Ernesta aliuliza. Nimpaye ni wengi, wakamwambia. Nimpaye wa Giteranyi? Mke wa marehemu Ciza? Ah, huyo yuko mtaa wa pili, anayepita kila hema akiulizia watoto. Kikongwe mmoja akawaongoza, na mabinti wawili wakafuata kwa umbea tu.

Nimpaye alikuwa amekaa mbele ya hema lake anachambua mahindi ya njano. Aliinua macho, akamwona Ernesta kwanza.

"Nakufahamu," alisema. "Wewe ni yule mama wa bubu. Ulinipa uji."

Halafu akatazama chini, kwenye mkono aliokuwa ameushika Ernesta.

Mimi sijui kuiga sauti aliyoitoa. Mahindi yaliruka kila upande. Alimnyakua mtoto, akamgeuza, akamtazama masikio, akamtazama magoti, akamnusa shingo, akamkumbatia tena, watu wakaanza kujaa. "Iteka! Iteka wangu! Sema na mama! Niite! Mbona huniiti?"

Mtoto alikuwa ameng'ang'ania kifua cha mama yake kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa umeziba mdomo.

"Niite, mwanangu! Iteka!"

Kimya.

Nimpaye akageuka kwa Ernesta, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. "Umemfanya nini mwanangu? Huyu alikuwa anaongea! Umemfanya nini? Mlimpiga? Mlimpa dawa gani?"

"Mimi?" Ernesta alirudi nyuma hatua moja. Alikuwa amejiandaa kwa mengi njiani, kulaumiwa kwa kuchelewa, hata kushukuriwa. Hili hakuliwaza. "Dada, hakusema tangu nimpate! Jana ndiyo alisema mara ya kwanza, alitaja majina, akanyamaza tena. Mungu ni shahidi yangu, sijamnyanyulia hata kijiti!"

"Mwongo! Uliniambia ni bubu, ukanifukuza!"

Watu wakaanza kunung'unika. Mwanamume mmoja akamshika Ernesta mkono juu ya kiwiko, na mkono wenyewe haukuwa wa salamu. Ernesta aliogopa kweli. Akamtazama mtoto, akaona jinsi alivyoukandamiza ule mkono mdomoni, vidole vimezama mashavuni, akapaza sauti kuwapita wote.

"Nani alimfunga mdomo huyu? Mtazameni! Hajashindwa kusema, amejizuia! Nani alimwambia asiseme?"

Nimpaye alifungua mdomo ajibu kwa hasira. Hakujibu. Alimtazama binti yake, akautazama ule mkono.

"Mungu wangu," alisema.

Yule mwanamume akamwachia Ernesta.

"Ni mimi," alisema Nimpaye. "Barabarani walikuwepo. Wale wenye mapanga. Walikuwa wanauliza watu majina, na majina ya baba zao, na kilima chao. Iteka alikuwa hanyamazi, alikuwa anasalimia kila mtu. Nikamziba mdomo hivi. Nikamwambia, kuanzia sasa usiseme neno lolote, kwa mtu yeyote. Hata jina lako. Mpaka mimi mwenyewe nikwambie. Ukisema, tutakufa wote." Akageukia watu. "Halafu wakampata Ciza, tukakimbia, nikampoteza. Nilisahau. Nimezunguka vijiji vyote nikiulizia mtoto anayeongea, na mimi ndiye niliyemkataza."

Mmoja wa wale mabinti wambea alikuwa analia waziwazi.

Nimpaye akapiga magoti. Aliushika ule mkono mdogo, akautoa mdomoni taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Sema, mwanangu. Ni mimi nakwambia. Sasa sema."

Iteka alimtazama mama yake kwa muda mrefu.

"Mama, sikusema," alisema. "Siku zote sikusema. Lakini jana nilishindwa mdako, nikataja." Akavuta pumzi. "Sasa tutakufa lini?"

Mama yake alilia kilio ambacho hata wale waliozoea vilio, na kule kambini waliozoea walikuwa wengi, waligeuza nyuso. Alimwambia hatufi, hatufi, hakuna anayekufa, ulifanya vizuri. Alimwambia mara nyingi, mpaka mtoto akaanza kuamini.

"Nani alikushinda?" Nimpaye aliuliza alipopata sauti. "Wewe huwa hushindwi."

Iteka akanyoosha kidole. "Huyu."

Nimpaye akasogea kwa magoti mpaka alipo Ernesta. Akaishika mikono yake, ile mikono yenye sugu za jembe, akaiweka kwenye paji la uso wake mwenyewe. Ernesta alitaka kusema habari za kuku aliyechinja. Alitaka kusema yote, kisima na furaha ile mbaya. Lakini hakupata nafasi, kwa sababu Iteka alikuwa ameanza.

Loo! Kasuku ni nini? Maneno ya misimu yote yalitoka kwa mkupuo. Alimweleza mama yake habari za shimo la matofali na ng'ombe aliyevunjika pembe, na Anjelika ana meno kama sungura, na shangazi Restuta anaiba sukari akidhani mtu haoni. Na huyu Mama Ernesta anaimba vibaya lakini mwimbo ule wa pili ni mzuri, na anakoroma, na kuna siku analia akitazama picha ya mume wake, "na mimi namshika sikio, ndiyo anaacha." Watu walicheka huku wanajifuta machozi. Ernesta alisimama pale, mdomo wazi, anasikia maisha yake mwenyewe yakisimuliwa na mtu ambaye yeye alidhani hana la kusema.

Jua lilikuwa limekwisha kupinda. Njia ilikuwa ndefu, na aliona heri aondoke wakati mtoto bado anacheka. Akaweka kile kifurushi cha viazi mlangoni mwa hema, akakunja kitenge, akageuka.

Iteka aliacha kuongea, katikati ya neno. Akatoka mikononi mwa mama yake, akaja akamshika nguo. Tangu siku ile ya kwenye matuta ya viazi hakuwahi kumwambia Ernesta neno lolote, yeye kama yeye. Sasa ndiyo lilikuwa la kwanza.

"Mama Ernesta," alisema, "leo ukilia, nani atakushika sikio?"

Ernesta alikaa chini palepale vumbini, akalia.